Vigingi vya Kanjera

Gunia la mahindi hupimwa kwa mizani, na kitambaa hupimwa kwa mita. Je, kazi ya mtaalamu wa sayansi hupimwa kwa kitu gani? Swali hili si la maprofesa wa vyuo vikuu peke yao. Wewe msomaji, unayeandika leo matokeo ya jaribio lako katika daftari la maabara ya shule, umekwisha kuingia ndani ya swali hilo bila ya kujua. Nataka tulifuate pamoja kwa kisa cha kweli, kilichotokea katika nchi ambayo zamani iliitwa Nyanza Kusini, na ambayo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay. Ni kisa cha mifupa, mawe, vipande vya chuma vilivyopotea, na wanakemia ambao baadhi yao hawakufika kamwe katika nchi hii, lakini kazi yao ilifika.

Kwanza yafaa tuijue desturi moja ya wataalamu. Mtu wa sayansi akiandika makala, hutaja makala za watu wengine ambazo kazi yake imezitegemea. Asema: jambo hili nalijua kwa sababu fulani alilipima mwaka fulani, na kipimo chake kimechapishwa mahali fulani. Desturi hii ni ya adabu na ni ya usalama pia. Ni ya adabu, kwa kuwa humpa mwenye kazi haki yake. Ni ya usalama, kwa kuwa humwezesha msomaji kurudi nyuma na kukagua mwenyewe.

Ukitaka mfano, nenda Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori. Huko utaziona kuta za mawe zilizozunguka maboma ya watu wa kale, kuta za karne ya 16 hivi, na mahali pengine kimo chake hufikia mita 4. Mwaka 1918 hazikujulikana na dunia. Mwaka 2018 ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ajabu yake ni hii, kwamba hazikujengwa kwa chokaa wala saruji. Waashi walipanga uso wa nje na uso wa ndani kwa mawe yaliyochaguliwa, wakajaza mawe madogo katikati, na kila jiwe likashikwa na wenzake. Elimu nayo hujengwa hivyo hivyo. Makala ya leo hulala juu ya makala za jana, na ya kesho italala juu ya ya leo. Basi mtu aweza kuuliza: jiwe lililobebeshwa mawe mengi zaidi, je, si ndilo jiwe bora zaidi?

Aliyelifanya swali hili kuwa hesabu alikuwa Mmarekani aliyesomea kemia, jina lake Eugene Garfield. Alizaliwa New York mwaka 1925, akapata shahada ya kemia katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1949. Garfield aliona kwamba makala za sayansi zimekuwa nyingi hata mtaalamu hawezi kuzisoma zote, wala hajui aanzie wapi. Akatazama kazi ya wanasheria wa nchi yake. Wao walikuwa na vitabu vinavyoonyesha, kwa kila hukumu ya zamani, ni hukumu zipi za baadaye zilizoitaja. Mwanasheria akivifungua, hujua mara moja kama hukumu ile ingali na nguvu au imekwisha kutanguliwa. Mwaka 1955 Garfield alichapisha katika jarida la Science shauri kwamba sayansi nayo iwe na faharasa ya namna hiyo. Mwaka 1960 aliipa kampuni yake huko Philadelphia jina la taasisi ya habari za sayansi, na mwaka 1964 faharasa yake kubwa ikaanza kutolewa.

Nia ya kwanza ya faharasa hiyo ilikuwa kumsaidia mtafutaji apate njia. Lakini mahali palipo na hesabu, watu hawakawii kushindana. Punde si punde faharasa ya kutafutia njia ikageuzwa kuwa mizani ya kupimia watu: nani ametajwa mara nyingi, na nani hakutajwa. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa California alitoa kipimo kifupi ambacho leo hutumika ulimwenguni kote. Tuseme mwanakemia ameandika makala 5, nazo zimetajwa mara 40, mara 12, mara 6, mara 3 na mara 1. Angalau makala 3 kati ya hizo zimetajwa angalau mara 3 kila moja; lakini hazipo 4 zilizotajwa angalau mara 4. Basi kipimo chake ni 3. Mwenzake aliyeandika makala 2 tu, kila moja ikatajwa mara 500, kipimo chake hakiwezi kupita 2. Kwa kipimo hicho vyuo huajiri, na mabaraza hugawa fedha. Na katika elimu ya maada, yaani elimu ya kuchunguza vitu vimeumbwa kwa nini na nguvu yake yatoka wapi, ushindani wa hesabu hiyo ni mkali sana.

Sasa tuiache mizani hiyo mezani, twende ziwani, tutairudia baadaye.

Kaskazini ya mji wa Homa Bay iko Rasi ya Homa, inayoingia katika Ghuba ya Winam. Katikati yake umesimama Mlima Homa, uliokuwa volkeno, na kwenye ukingo wa maji ziko Kanam na Kanjera. Mvua hukata makorongo katika udongo wa huko, na makorongo hufichua tabaka za zamani zilizolala moja juu ya nyingine kama kurasa za kitabu. Mwaka 1932 alifika huko Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903 na kusomea Cambridge, akiongoza msafara wa kutafuta mabaki ya watu wa kale. Huko Kanjera wakapata vipande vya mafuvu ya watu. Huko Kanam, mmoja wa wafanyakazi wake, Juma Gitau, alipata donge la udongo mgumu lenye kipande cha taya ya mtu na meno yake. Katika eneo hilo hilo yalikuwamo mabaki ya mnyama aliyekwisha kutoweka duniani, jamaa ya tembo, ambaye pembe zake zilielekea chini.

Leakey alijua kwamba mnyama yule ni wa kale mno. Akahukumu kwamba, ikiwa taya imetoka katika tabaka ya mnyama yule, basi mwenye taya naye ni wa kale kama yeye. Na kwa kuwa taya ilionekana kuwa na kidevu kama cha mtu wa leo, basi binadamu wa umbo letu alikwishakuwapo Afrika Mashariki kabla ya wote waliokuwa wakitajwa Ulaya na Asia. Lilikuwa neno zito. Mwaka 1933 wataalamu walikusanyika Cambridge, wakaitazama mifupa, wakasikiliza maelezo, wakayakubali na kumpongeza. Mwaka 1935 Leakey akatoa kitabu kuhusu watu wa zama za mawe wa Kenya, na taya ile akaipa jina la kabila jipya la binadamu, Homo kanamensis.

Lakini alikuwako mtu mmoja ambaye moyo wake haukutulia: Percy Boswell, profesa wa jiolojia katika Imperial College, London. Boswell hakuuliza, “Je, Leakey ni mtu mkubwa?” wala hakuuliza, “Je, wangapi wamekubali?” Aliuliza swali dogo kuliko yote: “Taya ilikuwa wapi hasa ilipochimbuliwa?” Leakey, kwa kuwa alijiamini, alimwalika aje aone kwa macho yake. Mwanzoni mwa mwaka 1935 Boswell akawa Kenya, na wakaenda pamoja mpaka kando ya ghuba.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kila mwanafunzi wa sayansi angelijua kabla hajapewa cheti. Leakey alikuwa ameweka vigingi vya chuma mahali pa uvumbuzi wake. Walipofika, vigingi havikuwapo. Husimuliwa kwamba wavuvi wa huko walivichukua ili wafue vyombo vya kuvulia samaki. Mvua za miaka mitatu zilikuwa zimebadilisha sura ya makorongo. Ramani ya kina ya mahali pale haikuwa imechorwa. Zaidi ya hayo, picha iliyoonyeshwa Uingereza kuwa ni ya Kanam ilionekana kuwa ni ya mahali pengine, kwa sababu picha za Leakey mwenyewe ziliharibika akatumia ya mwenzake bila ya kuhakikisha. Wakatafuta, wakazunguka, wasiweze kuweka kidole na kusema: ni hapa.

Boswell akarudi London. Mwezi wa Machi mwaka 1935 barua yake ikachapishwa katika jarida la Nature, akieleza kwamba mahali pa uvumbuzi hapakuweza kuonyeshwa kwa hakika, na kwamba kwa hiyo ukongwe wa mifupa hauwezi kuthibitishwa. Leakey alijibu mwaka uliofuata, lakini jibu halikuweza kurudisha vigingi. Sifa yake ikaanguka, na kwa miaka mingi wako waliolisikia neno lake kwa masikio ya shaka.

Angalia, msomaji, lililotokea. Boswell hakusema kwamba Leakey ni mwongo. Hakusema hata kwamba taya si ya kale. Alisema kwamba hakuna awezaye kukagua. Na katika sayansi neno lisiloweza kukaguliwa, hata likisemwa na mtu mwaminifu, halina pa kusimama.

Je, palikuwapo njia nyingine ya kuiuliza mifupa yenyewe, ikiwa mahali pamepotea? Ilikuwapo, na wanakemia walikuwa wameianza zamani. Mfupa si kitu kilichokufa kabisa unapofukiwa. Sehemu yake ngumu ni madini ya kalisi na fosfati. Maji ya ardhini yakipita, huleta florini kidogo kidogo, nayo florini huingia katika madini ya mfupa, ikashika mahali pake wala isitoke tena kwa urahisi. Hivyo mifupa iliyolala pamoja kwa muda mmoja katika udongo mmoja yapaswa kuwa na florini inayokaribiana. Na mfupa uliofukiwa juzi katikati ya mifupa ya kale utajifichua kwa uchache wa florini yake. Kipimo hiki hakitaji umri kwa miaka. Hutaja tu nani ni mwenyeji na nani ni mgeni.

Mwingereza James Middleton aliandika habari za florini katika mifupa mwaka 1844. Mwanakemia Mfaransa Adolphe Carnot alipima mifupa mingi ya zama mbalimbali, akachapisha matokeo yake mwaka 1892 na 1893. Baada ya hapo kazi hiyo ikalala. Kwa nusu karne waliochimba mifupa hawakuijali. Lau mizani ya kuhesabu kutajwa ingalikuwapo mwaka 1930, kazi hiyo ya Carnot kuhusu mifupa ingalionekana nyepesi kama unyoya. Katika miaka ya 1940 Kenneth Oakley wa jumba la makumbusho ya viumbe la London aliifufua, na akaijaribu juu ya mifupa iliyosifiwa kuliko yote nchini mwake, ile ya Piltdown.

Mifupa ya Piltdown ilitangazwa mwaka 1912 kuwa ni ya mtu wa kale sana wa Uingereza: fuvu la mtu na taya iliyofanana na ya nyani. Watu wakaandika juu yake makala nyingi mno, na vitabu vya shule vikaifundisha. Mwaka 1949 Oakley alipima florini, akaona ni chache kupita kiasi: mifupa haikuwa ya kale kama ilivyodhaniwa. Mwaka 1953 yeye pamoja na Joseph Weiner na Wilfrid Le Gros Clark wakatangaza ukweli wote. Taya haikuwa ya mtu hata kidogo. Ilikuwa ya nyani mkubwa, meno yake yamepigwa tupa, na mifupa imetiwa rangi ili ionekane mikongwe. Wataalamu walikuwa wamejenga juu ya jiwe la udongo kwa miaka 41.

Sasa tuirudie ile mizani tuliyoiacha mezani, tupime mawe yetu mawili. Piltdown ilitajwa na wengi, nayo ilikuwa uongo. Kipimo cha Carnot kilisahauliwa na wengi, nacho kilikuwa kweli. Mizani haikukosea hesabu. Watu ndio waliokosea kwa kudhani kwamba hesabu ya kutajwa ni hesabu ya ukweli. Barua ya Boswell yenyewe ilimtaja Leakey, na katika faharasa kutajwa huko kungehesabiwa kuwa moja, sawasawa na kutajwa kwa sifa. Hesabu huona nyayo za watu waliopita. Haijui kama walipita wakishangilia au wakipiga kelele za mwizi.

Pengine umekwisha kujiuliza: mbona florini haikuamua kesi ya Kanam na Kanjera mara moja? Jibu liko katika ardhi yenyewe. Katika nchi za volkeno florini ni nyingi mno. Wajua kwamba katika sehemu za Bonde la Ufa watu wanywao maji ya visima huwa na meno ya rangi ya kahawia. Hiyo ndiyo kazi ya florini iliyozidi. Katika udongo kama huo hata mfupa usio wa kale hushiba florini upesi, na mgeni hufanana na mwenyeji. Kipimo kilichofaulu Uingereza kinaweza kushindwa Nyanza, si kwa kuwa ni kibaya, bali kwa kuwa kila ardhi ina tabia yake. Huo nao ni mwongozo wa kushika.

Basi Oakley akageukia elementi nyingine, urani, ambayo nayo hukusanyika mfupani polepole kutoka katika maji ya ardhini, na huweza kupimwa kwa mnururisho wake. Mwaka 1974 alichapisha hukumu mpya juu ya mifupa ya Kanjera: mifupa ya watu ilikuwa na urani kidogo kuliko mifupa ya wanyama wa kale wa mahali pale. Na hapa yafaa kutaja jambo dogo la kupendeza: moja ya madini ambayo urani hupatikana ndani yake huitwa karnotiti, kwa heshima ya Adolphe Carnot yule yule.

Miaka ishirini baadaye kesi ilifunguliwa tena. Mwaka 1994 makala ilichapishwa katika jarida la sayansi ya akiolojia na watu watatu: Thomas Plummer, A. M. Kinyua na Richard Potts. Walitumia miale ya eksirei. Miale hiyo ikipiga mfupa, kila elementi iliyomo hujibu kwa mwale wa nguvu yake maalumu, kama vile kila mtu ajibuvyo kwa sauti yake anapoitwa. Kwa majibu hayo wakalinganisha mifupa ya wanyama iliyojulikana ilikotoka na mifupa ya watu ambayo mahali pake palibishaniwa tangu mwaka 1935. Kwa kazi hiyo na uchunguzi mpya wa tabaka, uliochapishwa mwaka 1995, ilionekana kwamba watu wa Kanjera ni wa zama za karibu zaidi, na waliingia katika tabaka kongwe baadaye, kama maiti aingiavyo katika udongo usio wa umri wake. Taya ya Kanam nayo haikupata tena daraja aliyopewa mwaka 1933. Hata kidevu chake kilionekana kuwa kimeharibiwa na uvimbe wa ugonjwa wa mfupa.

Hivyo Leakey alikosea juu ya mifupa ile. Lakini msiharakishe kumcheka. Yeye alishika imani moja ambayo wataalamu wengi wa siku zake waliikataa: kwamba chimbuko la binadamu ni Afrika. Mwaka 1959, huko Olduvai katika Tanganyika, mkewe Mary alipata fuvu lililotikisa dunia. Safari hii mahali palijulikana, tabaka zilipimwa, na mwaka 1961 majivu ya volkeno yaliyokuwa pamoja na fuvu yalipimwa kwa potasi na agoni, yakatoa umri wa miaka milioni 1.75. Neno la Leakey likapata pa kusimama. Imani ilikuwa ile ile. Kilichozidi ni ushahidi unaokaguliwa.

Na Rasi ya Homa nayo haikunyamaza. Huko huko Kanjera, upande wa kusini, wachunguzi walifukua zana za mawe za miaka milioni 2 hivi pamoja na mifupa ya wanyama waliochinjwa. Wakayauliza mawe swali la elimu ya maada: mmetoka wapi, na kwa nini mlichaguliwa ninyi? Walilinganisha elementi za zana na elementi za miamba ya nchi ya kandokando, wakaona kwamba baadhi ya mawe yalibebwa kwa zaidi ya kilomita 10. Mawe mengi ya jirani ni laini, makali yake huisha upesi. Watengenezaji wale walijua hivyo, wakafuata mawe magumu mbali. Mwaka 2023 jarida la Science lilitoa habari za Nyayanga, katika rasi hiyo hiyo, ambako zana zilipatikana pamoja na mifupa ya viboko, katika tabaka za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Mwaka 2025 ikatolewa makala nyingine iliyoonyesha kwamba hata huko Nyayanga mawe yalibebwa mpaka kilomita 13. Kabla ya kuwapo maabara yoyote duniani, katika Homa Bay vilikwishakuwapo viumbe waliopima ugumu wa maada kwa mikono yao, wakachagua.

Lakini nani aliyewaelekeza wataalamu Nyayanga? Alikuwa mwenyeji wa huko, mmoja wa waliofanya kazi nao, aliyewaambia kwamba karibu na ufuo ule mifupa na mawe yanatoka ardhini. Mlinganishe huyu na wavuvi wa mwaka 1932. Wale walikuta chuma kimechomekwa katika ardhi wanayoizoea, na chuma ni mali. Kama hakuna aliyewaambia kigingi ni nini na kinalinda nini, kosa lao liko wapi? Mtaalamu aliweka alama ardhini, lakini hakuiweka katika vichwa vya watu wanaoishi juu ya ardhi hiyo. Naye huyu wa Nyayanga alikuwa ameshirikishwa, na ushirika wake ukafungua mlango ambao ulikuwa umefungwa kwa miaka karibu milioni 3. Juma Gitau aliyeiona taya ya Kanam, na wenyeji kama huyu, hawamo katika mizani ya Hirsch. Hawana makala, basi kipimo chao ni sufuri. Lakini ondoa macho yao, na makala nyingi za wengine hazitapata pa kuanzia.

Sasa tulijibu swali letu. Kazi ya mtaalamu hupimwa kwa kitu gani? Hesabu ya makala hutuambia jinsi alivyokuwa na bidii ya kuandika. Hesabu ya kutajwa hutuambia ni watu wangapi waliopita njia yake. Hizi ni habari za kufaa, wala sikwambii uzidharau. Faharasa ya Garfield imewasaidia wengi kupata walichotafuta. Lakini uzito wenyewe hupimwa kwa swali la Boswell: je, mwingine aweza kwenda pale pale, akafanya vile vile, akaona kile kile? Kazi ya Carnot ilijibu ndiyo hata ilipokuwa imesahauliwa. Piltdown ilijibu la hata ilipokuwa imesifiwa. Na Kanam ilishindwa kujibu, kwa kukosa vipande vichache vya chuma na karatasi moja ya ramani.

Kwa hiyo, mwanafunzi, kesho utakapoingia maabara, andika tarehe. Andika kiasi cha maji na kiasi cha chumvi, hata kama wadhani utavikumbuka. Jaribio likikataa kutoa jawabu la kitabu, andika lilichotoa, usiandike kilichotakiwa. Kwa maana mwenye kubadilisha namba moja ili apate alama amepiga tupa meno ya Piltdown kwa mkono wake mwenyewe. Taja aliyekusaidia. Mweleze mwenzako unachofanya, na umweleze mzee wa kijiji unapopima udongo wa shamba lake, ili asije akang'oa kigingi chako kwa kutojua.

Mali bila daftari huisha bila habari, ndivyo wasemavyo wafanyabiashara. Elimu nayo ni mali. Kule Kanjera mvua ingali inakata makorongo kila mwaka, ikifunua na kufukia. Pengine atakayefika huko siku moja na kuona kitu ambacho hakijapata kuonwa atakuwa mmoja wenu mnaosoma ukurasa huu. Akifika, apige kigingi chake imara, achore ramani yake kabla jua halijatua, na awaambie wavuvi ni cha nini.